Mashine Inasema Mpira Umevuka

Umeå, Uswidi
18 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri, wewe na binti yako Irine na kuku wenu. Mimi ni mzima. Theluji imefika usawa wa madirisha ya chini, na jua linachungulia kidogo kama mgeni anayeogopa kukaribishwa chai. Kazini bado natengeneza lifti, na lifti bado zinakwama.

Anayekuletea kifurushi hiki ni Mchungaji Peter, aliyekuja huku kwa semina. Soksi ni za Irine. Kisanduku cheusi ni chako.

Shangazi, tangu ulipoteleza shambani mwezi wa kumi na moja, daktari alishakuambia kwamba kano ya bega la kulia imechanika na inatakiwa kushonwa kabla mwaka haujapita, la sivyo itanywea na haitashoneka tena. Wewe ukamjibu kwamba siku mpira wako wa gofu ukishindwa kuvuka korongo la shimo la saba, utajipeleka hospitali mwenyewe. Ulinisimulia huku unacheka. Lakini kila nikiuliza kama umeenda uwanjani, naambiwa mvua, naambiwa msiba, naambiwa jumuiya inasali nyumbani kwako.

Basi nimekuletea uwanja nyumbani. Hicho kisanduku ni mashine ya kupima mpira. Ndani yake kuna rada. Unakiweka nyuma ya mpira, unatundika neti mbele, unapiga, na simu ya Irine inakuambia mpira ungefika wapi kama neti isingeuzuia. Si ile ya bei kubwa wanayotumia wachezaji wa televisheni. Hii ni ya watu wa kawaida wanaopiga mipira uani na gerejini. Nilikuwa naitumia mimi, na sasa nitanunua nyingine.

Korongo linahitaji mita mia moja ishirini na tano. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mashine ikisema hujafika, unaenda kwa daktari bila ubishi. Tumekubaliana?

Mwanao,
Brian


Kimandolu, Arusha
24 Machi 2024

Mwanangu Brian,

Marahaba. Sisi tu wazima. Irine bado yuko shamba la maua Usa River, anaondoka na giza na kurudi ananukia waridi na dawa ya wadudu. Kicheche amepita bandani, kuku wamepungua, na waliobaki wananiangalia kama mimi ndiye niliyemkaribisha. Paskalina wa klabu ya gofu anakusalimia. Na mkeo Hope, hajambo? Barua nzima hukumtaja, nikadhani labda wino ulikuishia.

Nashukuru kwa barua ya karatasi. Simu ni ya dharura na picha za harusi. Kwenye simu mnanikatiza, kwenye karatasi hamuwezi.

Tumekubaliana. Sasa nikueleze vituko vya mashine yako. Irine alileta neti kuukuu ya banda la maua, tukaitundika kati ya mparachichi na ukuta wa mabati wa jiko. Nikapiga. Mashine ikasema mita mia mbili sitini. Nikakaa chini. Marehemu mume wangu Abdiel alikuwa mhasibu wa klabu ile, akacheza kila Jumamosi ya maisha yake, na mita hizo hakuwahi kuziona. Nikapiga tena, ikasema sifuri. Halafu Irine akaja kukung'uta zulia pembeni, mashine ikaandika mita arobaini. Nimemwambia akajiunge na klabu.

Lakini imenipendeza, sikufichi. Naiamkia asubuhi kabla ya kuku. Ila kuna jambo linanisumbua. Mpira wangu umekwama kwenye neti hatua chache mbele yangu. Mashine inajuaje ungeangukia wapi? Nilipokuwa nafundisha, mtoto akiniletea jibu bila kuonyesha njia nilikuwa nampa sifuri, hata kama jibu ni sahihi. Kwa hiyo niletee njia.

Bega halina neno. Irine nimemkataza kukupa habari zake kwenye simu, na akikupa nitajua.

Shangazi yako,
Evaresta


Umeå
21 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kuku. Huku theluji imeanza kuyeyuka na barabara zimejaa tope, nikakumbuka Kimandolu wakati wa masika. Hope ni salama.

Njia yenyewe ni hii. Mashine yetu inauona mpira kwa muda mfupi sana, unapotoka kwenye fimbo mpaka unapogusa neti. Hapo inapima kasi yake na pembe ya kupaa, na kwa hayo mawili inajitahidi kweli. Mengine yote ni hesabu. Inachukua kasi na pembe, inachanganya na hali ya hewa na mahali ulipo, inakisia mpira unavyozunguka, kisha inachora safari ambayo mpira haukusafiri. Zile za gharama zinaufuata mpira au kuupiga picha nyingi. Hii yetu inaona mwanzo wa hadithi na kutunga mwisho.

Ndiyo maana inahitaji nafasi. Hama kwenye mabati, yanarudisha mawimbi ya rada na kuichanganya. Sogeza neti mbali zaidi ya ulivyoiweka. Bandika kwenye mipira zile karatasi ndogo za rangi ya fedha zilizokuja na mashine, ili iweze kuona mzunguko. Na simu ikiuliza maswali kuhusu mahali ulipo, yajibu yote, usiyaruke, kwa sababu majibu hayo yanaingia kwenye hesabu.

Mimi niliitumia kwa miaka mitatu, na kwa fimbo fupi haikunidanganya sana. Kwa fimbo kubwa ilipenda kunisifia.

Bega "halina neno" ni jibu lisiloonyesha njia, Mwalimu.

Brian


Kimandolu
9 Juni 2024

Brian mwanangu,

Marahaba. Masika yameisha na yametuachia migomba iliyolala. Jumuiya tumemzika mzee Efraimu, Mungu amlaze pema. Irine amepandishwa cheo, sasa anasimamia chumba cha baridi cha maua na anavaa zile soksi zako akiwa kazini.

Umeniambia Hope ni salama kwa neno moja. Kuku wangu nawaelezea kwa maneno mengi kuliko hayo.

Haya, mashine. Tuliihamishia upande wa barabara, neti mbali, mabati hayapo. Ikatulia. Nikipiga sasa inasema mia moja thelathini, mara ishirini na nane, mara thelathini na mbili. Korongo nalivuka nikiwa kwenye kanga na malapa. Nilimtumia daktari salamu.

Lakini unanijua. Nilitaka nione mpira ukianguka. Uwanja wa klabu bado una maji, kwa hiyo nikapanda Oldonyo Sambu kwa Nkasiogi, yule niliyefundisha naye, aliyekuwa akikuchapa kwa kuchelewa. Malisho yao yamefunguka mpaka unachoka kutazama, na ni pakavu hata sisi tukiwa kwenye tope. Nikapiga bila neti. Nkasiogi akaja na kamba yake ya katani ya kupimia mashamba, ambayo imeshagawa ardhi ya nusu ya wilaya ile bila watu kukatana mapanga.

Mashine: mia moja thelathini. Kamba: mia moja kumi na tano. Tukarudia. Mashine ilikuwa mbele kila mara, na kamba nyuma.

Nkasiogi akaniambia, "Mwalimu, mpira si huu hapa? Au huo wa kwenye simu ni mwingine?"

"Kamba yako ni kuukuu," nikamwambia. "Katani ikinyeshewa inavutika. Kamba ikiwa ndefu, mita zinaonekana chache."

"Mvua? Huku?" Akacheka mpaka mbuzi wakainua vichwa.

Nasema imevutika. Na upepo wa kule nao ni wa kutoka mbele. Tukanywa maziwa mgando, Nkasiogi akanibebea mfuko wa fimbo mpaka barabarani, nikarudi.

Nieleze wewe uliyesoma mambo ya mitambo: kati ya kamba na rada, nani anaongopa?

Evaresta


Umeå
7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa msiba wa mzee Efraimu, nakumbuka alivyotugawia miwa. Mpe Irine hongera. Huku sasa jua halizami vizuri, na usingizi unakuja kwa kubembelezwa.

Nimeifikiria kamba ya Mwalimu Nkasiogi wiki nzima, hata nikiwa juu ya lifti. Mashine za bei yetu hukosea, lakini nyingi hukosea kwa kuyumba: leo zinazidisha mita chache, kesho zinapunguza. Yako haiyumbi. Inazidisha, na karibu kwa kiasi kilekile. Upepo usingefanya hivyo, kwa sababu upepo hubadilika. Hii inanukia kosa la kwenye hesabu, na kosa la hesabu lina mahali lilipoanzia.

Kwa hiyo naomba jibu moja. Mlipofungua programu mara ya kwanza iliuliza mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari. Juu zaidi hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi, ndiyo maana inauliza. Mliandika nini?

Na la pili, ambalo si la mashine. Kwa nini Mwalimu Nkasiogi ndiye aliyebeba mfuko?

Brian


Kimandolu
28 Julai 2024

Brian,

Marahaba. Tu wazima, baridi imetukamata, ukungu haupandi mpaka saa nne.

Unaniuliza mimi mwinuko? Wewe uliyesimama mbele ya darasa langu ukiimba? Mlima Meru, mita elfu nne mia tano sitini na sita kutoka usawa wa bahari. Irine alitaka kuliruka swali, nikamnyang'anya simu na kuandika kwa kidole changu. Usinionee, mwanangu. Jiografia ya nyumbani sijaisahau.

Mfuko ulikuwa mzito.

Shangazi yako


Umeå
18 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaacha kucheka.

Huo ni urefu wa kilele. Kimandolu iko kwenye mita elfu moja mia nne hivi. Tangu mwezi wa tatu mashine inaamini kwamba Mwalimu Evaresta amesimama juu kabisa ya Meru, na kanga na malapa, anapiga mipira kwenye hewa nyepesi ya kule. Kwa hiyo kila mpira inauongezea mita ambazo haukuzipata. Kasi iliipima sawa. Mahali ndipo ulipoidanganya.

Nimefanya hesabu upya kwa mwinuko wa nyumbani. Mia moja thelathini yako inakuwa mia moja kumi na tano, zaidi au pungufu kidogo.

Kamba ya Mwalimu Nkasiogi haikuvutika.

Shangazi, mwaka jana ulikuwa unalivuka lile korongo na mpira unaendelea kubingirika. Nguvu zimepungua na wewe unajua zimepungua. Sitaki uniamini mimi, wala mashine, maana hata ikirekebishwa inaweza kukosea mita kadhaa. Nenda shimo la saba. Piga pale pale ulipoahidi kupiga. Mwezi wa kumi na moja haupo mbali, na nakuogopea.

Mwanao,
Brian


Umeå
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Majani yameanguka yote. Barua yako haijafika. Najua posta inachelewa, lakini haijawahi kuchelewa hivi. Kama nilikuudhi, niudhi na mimi, lakini andika.

Brian


Kimandolu
20 Oktoba 2024

Mwanangu Brian,

Marahaba. Irine hajambo. Kuku wameongezeka, kuna jogoo mpya mwenye kiburi. Posta haina kosa. Barua yako niliipata mapema, nikaiweka chini ya Biblia ili nisiione, na nikawa sisomi Biblia.

Niliibadilisha ile namba jioni ileile. Nikapiga. Mia moja kumi na tatu. Nikaizima na kuifunika kwa ungo. Kusema kweli nilishaitilia shaka zamani. Darasa zima likipata mia kwa mia nilikuwa najua mmeibiana, na mashine hii ilikuwa inanipenda kupita kiasi. Lakini kusifiwa ni kutamu, mwanangu, hasa ukiwa unaogopa.

Maana naogopa. Abdiel aliingia hospitali kwa miguu yake, amebeba gazeti, na akaniambia nisipike mapema kwa sababu atarudi tule wote. Unajua alivyorudi. Tangu siku ile nikinusa dawa ya kusafishia sakafu nageuza njia. Tangu Januari siwezi kuanika nguo, Irine ndiye anayeanika. Kanga nafungiwa. Nkasiogi alibeba mfuko kwa sababu mkono ulikataa, na alivyo mwema hakuuliza.

Jumatano nilimchukua Paskalina tukaenda shimo la saba. Nilimwambia asiseme neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaweza. Mpira wa kwanza ukazama korongoni. Wa pili ukazama. Wa tatu niliupiga kwa hasira, bega likaniuma mpaka nikaona nyota mchana kweupe, na mpira haukufika hata kwenye majani ya ukingo. Nilisimama pale nikalia, Paskalina akanishika kiuno, na wanaume waliokuwa nyuma yetu wakasubiri kwa adabu.

Nilitoa neno, na nimelishika. Daktari amenipangia Jumanne ijayo. Amesema tumechelewa lakini hatujakosa. Niombee.

Sasa zamu yako. Jirani akagonga ukuta? Mwenye nyumba yake na gereji yake anagongewa ukuta na nani? Halafu ile mashine mpya uliyosema utanunua sijaisikia tena. Na Hope nimemuulizia mpaka nimechoka. Nimekuonyesha njia yangu yote. Nionyeshe yako.

Shangazi yako,
Evaresta


Umeå
10 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante Mungu. Irine alinitumia ujumbe siku ileile: umetoka, kano imeshonwa, na unadai mtori wa ndizi. Nilikuwa kwenye paa la jengo la watu, nikakaa chini palepale.

Unapaswa kujibiwa. Hope aliondoka Januari. Hakuna aliyepigana, tulinyamaza tu mpaka nyumba ikatushinda. Tuliiuza. Sasa naishi chumba kimoja ghorofa ya nne, na mzee wa upande wa pili anagonga ukuta hata nikipiga chafya. Gereji hakuna, ndiyo maana mashine ilikuja kwako. Sikununua nyingine, sikuwa na pa kuiweka.

Miaka mitatu, kila nikitoka kazini nilienda gereji. Mashine ilisema napiga mita mia mbili, nikawa naridhika. Shangazi, sijawahi kuvuka korongo lolote. Uwanja halisi wa huku nimeukanyaga mara chache sana, nikiwa peke yangu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kwenda naye. Sikukuambia kwa kuwa ungeuliza nakuja lini, nami niliona aibu kurudi Desemba bila mke, ukoo mzima ukiwa Moshi kwa Krismasi umekaa mstari ukinisubiri.

Nimeshakata tiketi. Nafika tarehe kumi na tisa Desemba. Mwambie Irine asitangaze.

Brian


Kimandolu
1 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, usicheke mwandiko. Ungeniandikia wewe hivi, ningekurudisha darasa la kwanza.

Mkono umefungwa kifuani. Daktari anasema nisishike fimbo mpaka katikati ya mwaka ujao, na nimemkubalia bila masharti. Nkasiogi alikuja na maziwa na ile kamba yake. Nimeiomba radhi. Akaniambia nimeshasamehewa, na mbuzi nao wamesamehe.

Habari za Hope zimeniumiza, na nimelia kidogo kwa ajili yenu wote wawili. Huko Moshi nitakaa mwanzo wa mstari. Mwenye swali ataanza na mimi.

Mashine ipo kabatini, imeandikwa mita elfu moja mia nne. Hatutaifungua. Ukifika nitakupeleka shimo la saba, wewe utapiga na mimi nitaangalia. Mpira ukizama, tutashuka wote korongoni kuutafuta. Ya kwangu mitatu bado iko kule.

Shangazi yako,
Evaresta